Ufuo wa Mama Achieng' na Makosa Yangu ya Mlimani

Ninyi mnaopiga picha kwa simu, kuna jambo hamtaliamini: filamu ilikuwa na picha thelathini na sita, basi. Ukimaliza umemaliza. Mimi nilizihesabu mara mbili, nikiingiza filamu na nikiitoa, na kila mara ilipungua moja nisijue imekwenda wapi. Ilinichukua muda kugundua kwamba ni ile niliyokuwa nikipiga nikitoka, kujaribu kama kamera inafanya kazi. Ndiyo maana nina picha nyingi sana za mlango wa studio.

Nimepiga picha Kericho na Bomet mpaka magoti yakagoma. Harusi, vitambulisho, ng'ombe wa maonyesho, watoto waliolia na wazazi waliotaka nifute machozi kwenye karatasi. Kazi hiyo ilinilisha. Lakini iliyonipendeza ilikuwa mandhari: milima, chai, mawingu. Mlima haukuulizi kama umetoka vizuri, wala haurudi kesho kusema sura ile si yake. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mpaka Mama Achieng' aliponirudishia ziwa.

Nitafika huko. Kwanza mjue nilijifunzia wapi makosa yangu.

Aliyenifunza ni Mzee Kimani. Alikuwa na studio nyuma ya duka la vitambaa mjini Kericho, mtu mfupi, mwenye sweta hata mwezi wa Januari. Alipenda kushika picha yako kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota kitu na hajui ni cha nani.

"Chelang'at," aliniambia wiki ya kwanza, "hapa kabla ya saa tatu ni ukungu, na baada ya saa nane ni mvua. Kazi yako iko hapo katikati. Usinipotezee filamu."

Nikaishika hiyo kama katekisimu. Kanuni nyingine ilikuwa ya kupanda juu. Ukisimama ndani ya chai ukapiga, unapata zulia. Chai yote ni ya kimo kimoja kwa sababu wachumaji wanaikata kimo kimoja. Panda mlima wa ng'ambo, geuka, ndipo utaona mistari ikishuka na kupanda. Kisha tafuta njia ya wachumaji, ile nyembamba ya udongo mwekundu, ianzie pembeni chini ya picha yako. Picha yangu ya kwanza haikuwa na njia. Mzee aliitazama, akaniuliza, "Sasa mtu aingie wapi hapa? Umemfungia nje."

Na ule mstari wa mbingu na ardhi. Niliuweka katikati kabisa, nikidhani ndiyo haki. Akauliza, "Unauza mbingu ama unauza ardhi? Usiniuzie nusu nusu." Tangu siku hiyo nikawa naamua mapema. Mbingu ikiwa na mawingu mazuri, inachukua theluthi mbili. Ikiwa nyeupe tu kama shuka ya hospitali, naipa kipande kidogo juu, isilalamike.

Ukungu nao una ujanja wake. Mita ya mwanga ndani ya kamera ni kama mtu mwoga. Ikiona weupe mwingi inadhani kuna jua kali, inakushauri ufunge lenzi, na ukungu wako unatoka mchafu kama moshi wa kuni mbichi. Usiisikilize. Fungua hatua moja zaidi. Simu zenu nazo zina mita hiyo hiyo, ila siku hizi imepewa jina la kifahari na inakosea haraka zaidi.

Kosa langu la gharama zaidi kwenye chai halikuwa hata la kamera. Nilipeleka filamu Nakuru, kwenye mashine ya kusafisha, na chai ikarudi na rangi ya maini. Mlima mzima, maini. Nikarudi na bahasha yangu, sauti ikiwa juu.

Mwanamke wa mashine hakutikisika. "Mashine iliona kijani imezidi," alisema. "Ikapunguza."

"Lakini ni chai!"

"Mashine hainywi chai, madam."

Kuanzia hapo nikawa naandika juu ya bahasha kwa herufi kubwa: MAJANI NI YA KWELI, MSIREKEBISHE RANGI. Na nikajifunza kuweka kitu kisicho kijani ndani ya picha. Wakati mmoja karibu na Sotik nilimpa mwanamume mwavuli wangu mwekundu akasimame nao katikati ya chai, mbali, aonekane kama tone la rangi. Alisimama vizuri sana. Nikapiga mbili, nikainama kubadilisha lenzi, nikainuka, sikuona mtu wala mwavuli. Picha ilitoka nzuri. Bado naihesabu kama hasara.

Sasa Mama Achieng'.

Alikuwa mchuma chai, mama mtu mzima, mjane kutoka upande wa ziwa, aliyeishi kwenye nyumba za wafanyakazi shambani tangu ujana wake. Mwaka huo aliteleza kwenye mteremko uliolowa, kikapu kikiwa kimejaa, akavunjika mguu chini ya goti. Walimfunga plasta mpaka pajani. Na mwisho wa mwaka huo huo ndio ulikuwa mwisho wa kazi yake, kwa hivyo na wa nyumba.

Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kiploti karibu na Sotik, alichokuwa akiuziwa na ndugu mmoja wa kanisani, ambaye alitaka jibu kabla ya mwezi kuisha. Ya pili, kurudi nyumbani ufuoni, mahali marehemu mume wake alikoacha msingi wa nyumba ambao haukupata kuta. Kiinua mgongo chake kingetosha moja tu. Akikosea, hakuna pesa nyingine inakuja.

Aliniita nikamkuta amekaa nje, mguu juu ya kigoda.

"Chelang'at, wewe unapiga picha ya mlima. Ya ziwa unaweza?"

"Ziwa ni kama mlima, Mama. Limelala tu."

"Unaongea vizuri. Sasa sikia." Akatoa barua kwenye kitambaa. "Hii ni ya shemeji yangu Okelo, ndugu ya bwana yangu. Anasema magugu maji imefunika ufuo wote, hakuna mahali pa kuchota hata sufuria moja. Anasema nisije, nitakufa kiu nikiangalia ziwa. Haya. Mke wa kasisi alipita huko mwezi jana, anasema maji iko, ya kutosha, alinawa miguu. Huyu na yule. Mimi nimefungwa na hii plasta siwezi kwenda. Nataka kitu sitabishana nayo."

Ninyi hamkumbuki magugu yale. Miaka hiyo yalikuwa yametanda ziwani kama blanketi, kijani, na ua la zambarau juu yake la kukudanganya.

"Unataka picha ngapi?" nikauliza.

"Moja."

"Mama, siwezi kwenda mpaka ziwani kwa picha moja."

"Kwani kuna ziwa ngapi?"

Nilikuwa nimezoea kuwashinda watu bei. Hapo nilishindwa mimi. Tukapatana nipige kumi na mbili, na yeye alipie ile ya ukweli. Nilikubali haraka. Sikuwa nimewahi kuuza picha kwa kipimo hicho, ningejua ningeomba muda.

Nikaenda. Nilifika saa saba mchana, nikajipongeza, maana nilikuwa ndani ya zile saa za Mzee Kimani. Nikatafuta mahali pa juu, kilima cha mawe nyuma ya boma la Okelo, nikapanda kama nilivyofunzwa. Chini yangu kijani mpaka mwisho wa macho. Mbingu nyeupe. Nikaipa kipande kidogo juu. Nikapiga kumi na mbili, nikahesabu, nikahesabu tena, nikaondoka.

Nikapeleka Nakuru, nikaandika majani ni ya kweli. Rangi ikarudi sawasawa. Nikampelekea Mama Achieng' bahasha nikiwa na furaha ya mtu ambaye hajaonywa.

Majirani wake wawili walikuwa pale wakichambua mboga. Alitazama picha ya kwanza. Akaitazama ya pili. Akazipanga kumi na mbili zote mapajani, juu ya ile plasta.

"Hii ni chai," akasema.

"Ni ziwa, Mama."

"Chelang'at. Nimechuma chai tangu Achieng' akiwa mgongoni. Hii ni chai. Tena imechelewa kuchumwa."

Wale wa mboga wakaacha mboga.

"Na hii mteremko hapa juu," akaendelea, kidole kwenye upeo, "ni ya wapi? Bomet?"

"Si mteremko. Ni maji yameinama kidogo."

"Maji inainama?"

"Labda alifika Chebunyo, hapo Bomet, akachoka," jirani mmoja akasema.

"Chebunyo gani?" akajibu mwenzake. "Ingekuwa Chebunyo tungeona ng'ombe. Huyu hata hakutoka Kericho!"

Wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Kuchekwa si kitu, mimi nimechekwa na watu wengi na baadhi yao walilipa. Kilichoniuma ni alichosema Mama Achieng' baadaye, taratibu, akikusanya zile picha anirudishie. "Basi nitamwambia yule ndugu wa Sotik nakubali. Kama hata kamera imeenda ikakosa maji, maji hakuna."

Nikaona nilichofanya. Maji sikuyatafuta. Nilitafuta mahali pa juu. Na mtu alikuwa anakwenda kuweka maisha yake yaliyobaki juu ya hilo.

"Nipe mpaka Jumamosi ijayo," nikamwambia. "Usimjibu."

"Jumapili namwona kanisani."

"Jumamosi, Mama."

Nilimwekea Mzee Kimani zile picha mezani. Akajaza glasi maji, akaiweka kando ya picha.

"Hii ni maji," akasema. "Unaona vile imelala?" Kisha akanyanyua picha yangu. "Yako inamwagika."

Ilikuwa kweli. Picha zote kumi na mbili, ziwa lilimwagika upande wa kushoto. Ukiishi kwenye milima, kila kitu kimeinama na hakuna mtu anayekulaumu. Nimepiga chai miaka mingi bila kujua kamera yangu inalemea upande. Maji hayakusamehi hata kidogo.

"Ulipiga saa ngapi?"

"Saa saba."

"Kwa nini saa saba?"

"Kabla ya saa tatu ni ukungu, baada ya saa nane ni mvua."

"Nani alikuambia?"

"Wewe."

Akavua miwani, akaipangusa kwa sweta. "Nilikuwa nasema ya hapa. Na kwa nini ulipanda juu?"

"Ni wewe tena, Mzee."

"Sasa unanisingizia mengi kwa siku moja." Akanirudishia picha. "Mimi ziwa nimeliona mara moja tu, tulikuwa tunaenda mazishi. Lakini fikiria na kichwa yako. Chai ukiwa juu inajitokeza. Maji ukiwa juu inakuwa sakafu. Shuka. Na uende kama jua bado halijaamka, lije likupate hapo. Na uweke kitu karibu, kitu ambacho iko huko peke yake, hakiko hapa. Ndio huyo mama asikuambie ni chai."

Nilibeba stendi ya miguu mitatu. Nikachukua chupa bapa ya dawa ya kikohozi, nikaitia maji nusu, nikaifunga kwa raba juu ya stendi. Mstari wa maji ndani ya chupa ukilingana na ukingo wa kamera, ziwa lako limelala. Nimetumia chupa ile mpaka nilipostaafu. Siku hizi mna mstari kwenye kioo cha simu unaofanya kazi hiyo. Uwasheni basi, maana naona picha zenu, na maziwa bado yanamwagika.

Nilifika jioni. Okelo alinipokea vizuri. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye alama ya mto wa kulalia shavuni.

"Madam wa kamera! Umerudia majani yetu?"

"Nimerudia maji, Mzee."

"Maji utapiga ukiipata. Mimi nilimwandikia shemeji ukweli. Naenda pale kila siku, kila siku naona majani."

Nililala kwa mke wake, jikoni penye joto. Alfajiri nikasikia mtungi wa plastiki ukigonga mlango. Nikatoka na stendi nikamfuata mke wa Okelo. Tulishuka, na tulipofika chini nikasimama.

Ufuo ulikuwa wazi. Maji matupu, tulivu, mpaka mbali. Magugu yalikuwa mstari mweusi kule kwenye upeo, kama wino uliomwagika.

"Mama, magugu yako wapi?"

"Yameenda."

"Yameenda wapi?"

"Upepo ya usiku huisukuma kule. Ikifika saa sita hivi, upepo inageuka, inarudi nayo."

"Kila siku?"

"Siku mingi. Si yote."

"Na Mzee Okelo anajua?"

Alicheka mpaka akaweka mtungi chini. "Okelo? Saa hii?"

Kwa hivyo yule bwana hakuwa amemdanganya mtu. Ufuo aliouandika ulikuwa ufuo wa mtu anayeamka saa nne na kufika majini saa tisa.

Nilipiga magoti kwenye matope, kamera ikawa kimo cha ule mtungi. Kulikuwa na jiwe kubwa jeusi ukingoni, lenye mgongo uliolainika, ambapo wanawake walifulia nguo. Nikaliweka karibu, chini upande wa kushoto, maji yakilizunguka. Chupa ya dawa ikasema sawa. Mbingu nikaipa theluthi moja tu, kwa sababu siku hiyo nilikuwa nauza maji. Jua likatoka kulia, chini kabisa, maji yakawaka kama bati jipya, na majani machache yaliyobaki yakawa meusi. Hapo hata mtoto angejua lipi ni jani na lipi ni maji. Ndiyo siri ya mwanga wa pembeni: unavitenga vitu. Ule wa saa saba unavichanganya vyote. Nikangoja mawimbi ya mtungi yatulie. Nikapiga sita.

Nilijua ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Na nilijua pia kwamba nikimpelekea Mama Achieng' hiyo peke yake, nitakuwa nimemdanganya vizuri kuliko mara ya kwanza. Kazi yetu, vijana, kwa sehemu kubwa ni kuacha vitu nje. Unaacha nguzo ya umeme, unaacha jalala, unaacha mjomba mlevi wa bwana harusi. Ni sawa. Lakini huyu alikuwa ananiuliza kama atakuwa na maji.

Basi sikuondoa stendi. Nilikaa kando yake tangu asubuhi, nikifukuza mbuzi. Saa tano upepo ukageuka usoni. Saa sita ule mstari wa wino ukaanza kunenepa. Ilipofika saa tisa jiwe lilikuwa limesimama katikati ya shamba la kijani, na huwezi kuona maji ya kujaza kijiko. Lenzi ile ile, kimo kile kile. Nikapiga sita nyingine. Kumi na mbili. Nikahesabu tena.

Okelo alikuja nyuma yangu, mikono mfukoni. "Si nilimwandikia?"

"Uliandika ukweli, Mzee."

"Sasa?"

"Ulisahau kuandika saa."

Jumamosi nilikuwa kwa Mama Achieng' na bahasha. Wale majirani wa mboga walikuwepo tena. Nadhani walikuwa wameambizana. Nilimpa picha mbili tu, asubuhi na mchana, nikarudi nyuma hatua moja. Picha ikihitaji maelezo marefu, irudishe nyumbani.

Alianza na ya mchana.

"Chai," jirani mmoja akanong'ona.

"Nyamaza." Mama Achieng' aliisogeza karibu na macho. Kidole chake kilitua kwenye jiwe. "Hii ni jiwe yetu. Nilifulia hapa nikiwa bibi arusi." Akachukua ya asubuhi, akatafuta jiwe kwanza, akalipata. Akaziweka bega kwa bega, jiwe na jiwe. Hakuna aliyecheka.

"Hii ni saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Na hii?"

"Saa tisa. Siku hiyo hiyo. Na mke wa Okelo anasema si kila siku magugu yanaondoka. Siku nyingi, si zote."

"Saa moja," akarudia. "Saa moja mimi huwa nimemaliza mistari miwili ya chai. Mvua ama ukungu, nimesimama ndani yake kifua kimelowa. Miaka yote hiyo kwa chai ya wenyewe." Akamgeukia jirani. "Kesho kanisani ukimwona yule ndugu wa Sotik kabla yangu, mwambie atafute mtu mwingine wa kununua."

"Mama Achieng', na zile siku magugu yataamkia hapo?"

"Nitakuwa na mtungi wa pili, nimejaza jana yake."

Nikaona ni wakati wa biashara. "Sasa, Mama, tulipatana unalipia ya ukweli. Ni gani?"

Alinitazama, akatazama picha, akafungua leso aliyofungia pesa. "Umenishika. Ni zote mbili." Alilipa, nikahesabu mara moja tu. Kisha akanirudishia ya asubuhi, ile nzuri, ile niliyopigia magoti matopeni.

"Andika saa hapo nyuma, herufi kubwa. Hii nitampelekea Okelo zawadi."

"Na wewe hutaki kubaki nayo?"

"Ya nini?" akasema. "Mimi nitakuwa naiona bure."